Anza na Tela Kabla ya Gari: Namna ya Kuchagua Pikapu ya Kuvuta, ya Njia Mbaya na ya Kila Siku

Mtu anayetaka kununua pikapu mara nyingi huanza na jina la gari, kisha rangi, kisha bei, na tela hulikumbuka siku ya kwanza anapolifunga nyuma na kuona mkia wa gari umezama huku taa za mbele zikimulika vilele vya miti. Ningependa msomaji aende kinyume cha njia hiyo. Kati ya kazi tatu ambazo pikapu hii moja itafanya, kuvuta ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo pekee inayoweza kupimwa kwa kilo kabla hujatoa hata shilingi moja. Mimi ninaishi Arua, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, ninavuta tela lenye jenereta na mashine ya kukoboa mahindi kati ya Koboko, Moyo na Nebbi, na kila mwezi nashuka Kampala walau mara moja, kwa hiyo gari langu ni la kazi, la matope, na pia ndilo linalowapeleka watoto shuleni.

Hatua ya kwanza, basi, ni kulipima tela likiwa limepakiwa kama linavyopakiwa siku ya kazi. Maghala makubwa ya nafaka huwa na mizani ya magari, na mwenye mizani hatakukatalia ukimwomba kwa heshima na kumlipa ada yake. Usikubali kukisia, kwa maana tela tupu la chuma lililochomelewa na mafundi wetu huwa zito kuliko linavyoonekana: chuma kinene kinapendwa, nasi hulipia unene huo kila kilima. Ukishapata uzito wa tela, tafuta namba tatu za gari unalolifikiria. Ya kwanza ni uzito wa juu ambao gari linaruhusiwa kuvuta. Ya pili ni uzito wa juu wa gari lenyewe pamoja na watu na mizigo yake. Ya tatu, ambayo wauzaji hawaitamki kabisa, ni uzito wa juu wa gari na tela vikiwa vimeunganishwa. Namba hizi hupatikana katika kitabu cha gari, na baadhi yake huandikwa kwenye kibandiko cha mlango au kwenye bamba la chuma chini ya boneti.

Hii ya tatu ndiyo inayowaumbua wengi. Chukua gari lenye uzito wa kilo 2,200 likiwa tupu, linaloruhusiwa kuvuta kilo 3,500, na ambalo uzito wake wa juu pamoja na tela ni kilo 6,000. Ukifunga tela la kilo 3,500, zinabaki kilo 2,500 za gari, na ukitoa zile 2,200 za gari tupu, umebakiwa na kilo 300 tu za dereva, abiria, jeki, tairi la akiba la tela na ndizi za mama mkwe. Watu wazima wanne wanaweza kuzimaliza peke yao. Ndiyo maana tangazo la kilo 3,500, ambalo utaliona kwa Toyota Hilux ya injini kubwa, kwa Ford Ranger na kwa Isuzu D-Max ya kizazi kipya, lisikufanye uamini kwamba unaweza kuvuta uzito huo na kujaza bodi ya nyuma kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu, mtu ambaye tela lake linafikia kilo 2,000 anapaswa kununua gari linaloruhusiwa 3,000 au zaidi, ili milima na joto visimkute akiwa kwenye ukingo wa uwezo wa gari.

Kuna namba nyingine ndogo inayoamua kama utafika salama. Shingo ya tela inapaswa kulikandamiza gari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela zima. Tela la kilo 1,800 likandamize kilo 180 hivi. Namna rahisi ya kupima ni kuweka shingo hiyo juu ya mizani ya magunia, ile ya wanunuzi wa mazao, ikiwa imeinuliwa kwa matofali hadi kimo cha mpira wa chuma ulio nyuma ya gari, ule ambao tela hufungwa juu yake. Nilijifunza jambo hili kwa hofu. Nilikuwa nateremka kutoka Nebbi kuelekea Pakwach, barabara nzuri ya lami, na magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa nyuma kabisa ya tela kwa sababu mbele palikuwa na jenereta. Mwendo ulipoongezeka, tela lilianza kutikisa mkia, kwanza polepole kama mtu anayekataa kwa kichwa, kisha kwa nguvu hata usukani ukawa mwepesi mikononi. Niliachia mafuta, nikashika usukani wima bila kupigana na tela, sikukanyaga breki kwa nguvu, na baada ya muda ulioonekana mrefu likatulia. Kule Pakwach tulihamisha magunia sita kutoka nyuma ya ekseli ya tela hadi mbele yake, na safari iliyobaki tela lilifuata kama mbuzi aliyezoea kamba. Gari lilikuwa lile lile, na tela lile lile.

Breki za tela nazo zina mpaka unaojulikana. Kwa pikapu nyingi za ukubwa huu, tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750, na zile 3,500 ni za tela lenye breki. Matela mengi yanayotengenezwa mitaani hayana breki hata kidogo, na huu ni upungufu ninaousikitikia sana, maana gari linaposimama ghafla mbele ya kundi la ng'ombe, kilo zote za tela huwa zinaendelea na safari. Mwombe fundi afunge breki zinazojikaza zenyewe tela linapolisukuma gari. Hakikisha pia kwamba mpira wa chuma na kikombe cha tela kinachoufunika ni vya kipimo kimoja: kuna mipira ya milimita 50 na kuna ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, na kikombe cha inchi 2 kikikaa juu ya mpira wa 50 huonekana kimeshika, lakini hulegea na kinaweza kuchomoka kwenye tuta. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya shingo kwa umbo la msalaba, ili shingo ikichomoka idakwe na isichimbe lami.

Sasa tunaweza kuzungumzia injini. Kwa kuvuta, angalia nguvu ya kuzungusha, inayoandikwa kwa Nm (nyutoni mita), na angalia inapatikana katika mzunguko gani. Hilux ya dizeli ya lita 2.4 yenye gia za kujibadilisha hutoa Nm 400 kati ya mizunguko 1,600 na 2,000 kwa dakika. Ile ya lita 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020, yenye gia za kujibadilisha pia, hutoa Nm 500 kuanzia mizunguko 1,600, na D-Max mpya ya lita 3.0 hutoa Nm 450 kuanzia hapo hapo. Hilux ya petroli ya lita 2.7 ina Nm 245 tu, tena juu kwenye mizunguko 4,000, kwa hiyo itapanda kilima na tela huku ikipiga kelele na kunywa mafuta. Dizeli yenye tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, ina faida nyingine kwa nchi yetu ya miinuko: injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anayefanya kazi za Kabale na Kisoro asifikirie mara mbili.

Kuhusu gia, wengi wetu tulikua tukiamini kwamba gari la kazi ni la klachi. Sina hakika tena kwamba hilo ni kweli kwa mtu anayevuta. Kuanza kuondoka na tela zito kwenye mwinuko, ukirudi nyuma kwa inchi huku na kule, huunguza klachi haraka, ilhali gia za kujibadilisha huondoka kwa utulivu, na katika foleni ya Kampala mguu wa kushoto hupumzika. Sharti lake ni mafuta ya giaboksi: yakichemka yanaharibika, na ukarabati wa giaboksi hiyo hugharimu pesa nyingi. Uliza kama gari lina kipoozeo cha mafuta hayo, na ubadilishe mafuta mapema kuliko mtu asiyevuta. Kwa gia za aina zote mbili, gia iliyokupandisha kilima ndiyo ikushushe. Breki ziachiwe kazi ya kusimama.

Kwenye njia mbaya, swali la kwanza ni kama gari ni foo wili kweli, yaani linaweza kusukumwa na magurudumu yote manne. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu pikapu nyingi zilizotumika zinatoka Thailand, ambako huuzwa magari marefu kwa kimo, yenye sura yote ya foo wili, lakini yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu: Hilux huitwa Prerunner, D-Max huitwa Hi-Lander, Ranger huitwa Hi-Rider. Kwa lami ni magari mazuri na bei yake ni ya chini, ila mtu akikuuzia mojawapo kwa bei ya foo wili amekupunja. Inama chini ya gari utazame: foo wili ina difu mbele, kati ya magurudumu, na propela inayokwenda mbele kutoka kwenye giaboksi, na ndani ina wenzo au kitufe chenye 2H (magurudumu mawili), 4H (manne) na 4L (manne kwa mwendo wa taratibu).

Hizo alama nazo zina adabu zake. Katika pikapu nyingi, 4H hulazimisha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo mmoja, jambo ambalo matope na changarawe husamehe lakini lami kavu haisamehi, kwa kuwa ukikata kona magurudumu hayapati nafasi ya kuteleza na vyuma vya ndani hukazana hadi kitu kikatike. Mitsubishi L200 zenye mfumo wa Super Select zimejitenga hapa, kwani zina difu ya katikati na zinaweza kuendeshwa foo wili hata kwenye lami yenye mvua, na kwa mtu wa milima ya Kisoro wakati wa masika hiyo ni faida kubwa. 4L ni ya mwendo wa taratibu na nguvu nyingi: kulitoa tela mtoni, kuteremka mteremko wa utelezi bila kugusa breki. Difu loki ya nyuma, inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ni ya thamani kuliko urembo wote unaofungwa kwenye bampa, kwa sababu gurudumu moja likining'inia juu ya shimo, bila loki nguvu zote hukimbilia huko huko hewani.

Udongo nao si mmoja. Murramu yetu ya West Nile, ule udongo mwekundu wa changarawe, huteleza ikilowa juu lakini chini ni ngumu, na tairi la matumizi mchanganyiko lenye meno ya wastani linatosha. Udongo mweusi wa Karamoja ni jambo lingine kabisa. Ukinyeshewa hujaza meno ya tairi hadi tairi linakuwa duara laini la udongo, na hapo hata gari la bei ghali husimama. Dereva mwenye busara husubiri jua la saa chache. Kwa kina cha maji, Hilux ya kizazi cha 2015 imepewa na mtengenezaji milimita 700 na Ranger milimita 800, lakini vipimo hivyo ni vya maji yaliyotulia na gari linalokwenda polepole, wala si vya mto unaosukuma ubavuni.

Jambo ambalo vitabu havilitilii mkazo ni pembe ya nyuma ya gari. Chuma cha kuvutia tela huning'inia chini ya bampa na kupunguza pembe ambayo gari linaweza kupanda bila kukwaruza. Kwenye kivuko cha Laropi, kati ya Moyo na Adjumani, maji ya Nile yakipungua, daraja la kupandia kivuko huwa na mwinuko mkali, na siku moja nilisikia chuma changu kikiburuta juu ya bati lake kwa mlio uliowageuza abiria wote. "Mzee, rudi kidogo, uingie kwa mshazari!" kijana wa kivuko alinipigia kelele, na ushauri wake ulikuwa sahihi, isipokuwa kwamba mwenye tela hawezi kwenda mshazari kwa urahisi. Chagua chuma cha kuvutia kinachofungwa juu, ndani ya mstari wa bampa, na ambacho kichwa chake huchomolewa pale usipokuwa na tela.

Kwa matumizi ya kila siku nitasema machache. Dabo kabini, yenye safu mbili za viti, ndiyo inayofaa familia, ingawa bodi yake ya mizigo ni fupi. Pikapu hizi zina urefu wa zaidi ya mita 5.2, kwa hiyo pima geti na maegesho yako kwa futi kamba kabla ya kununua. L200 hugeuka kwa nusu kipenyo cha mita 5.9 na nyingi za wenzake huzidi mita 6. Tofauti hiyo ndogo unaihisi kila siku mjini. Springi bapa za nyuma hurusharusha gari tupu kwenye barabara yenye mikunjo, na Nissan Navara ya kizazi cha NP300 yenye dabo kabini imewekewa springi za koili badala yake, hivyo watoto hulala safarini, japo mwenye mizigo mizito ya kila siku atapenda springi bapa. Usiache kudai mfumo unaozuia gari kuserereka. Pikapu tupu ina mkia mwepesi, na lami ikilowa mkia huo hutaka kuwa mbele.

Baada ya hayo ndipo uende kutazama magari. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, kwa hiyo hesabu miaka kwa tarehe ya kutengenezwa, si ya kusajiliwa mara ya kwanza. Gari lililotoka Uingereza lichunguzwe kutu, kwani kule hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa baridi na chumvi hiyo hula chasisi kimya kimya. Linganisha namba ya chasisi na kadi ya gari herufi kwa herufi. Fika alfajiri, kabla muuzaji hajawasha injini, uishike boneti kama ni baridi, kisha iwashwe mbele yako: moshi wa buluu unaoendelea maana yake injini inaunguza oili, na moshi mweupe usiokoma unaonukia dizeli huonyesha mara nyingi kwamba nozeli zimechoka.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Yule ninayemtegemea hubeba nyundo ndogo isiyozidi kiganja. Katika yadi moja ya Kampala tulionyeshwa dabo kabini iliyong'aa, injini imeoshwa, viti vina harufu ya sabuni. Fundi alilala chali chini yake akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma, na kila pigo lililia wazi hadi alipofika juu kidogo ya mahali springi ya nyuma inaposhikwa, ambapo sauti ilikuwa ya kufa. "Sikiliza, mzee," aliniambia. "Kule chuma kinajibu, hapa hakijibu." Akakwangua rangi nyeusi kwa ukucha wa bisibisi, na chini yake tukaona bamba lililochomelewa juu ya ufa. Chasisi iliyopasuka pale imebeba au imevuta kupita uwezo wake, na mtu anayetaka kuifunga tela hapaswi kuigusa kwa bei yoyote. Mwombe fundi atazame pia difu ya mbele kama ina oili iliyochanganyika na maji, yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo hueleza mito ambayo gari limevuka na uangalizi ambalo halikupata.

Upatikanaji wa vipuri uupime kwa mji wako na si kwa Kampala. Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, utapata karibu kila kitu, halisi na bandia vikiwa rafu moja, lakini gari likikwama Yumbe siku ya Ijumaa unahitaji duka lililo karibu. Kabla ya kuamua, zunguka maduka matatu ya mji wako na kila mmoja umuulize bei ya vitu vile vile: pedi za breki, klachi, kichujio cha dizeli, shokapu za nyuma. Kwa Arua, Hilux ndiyo inayopata jibu katika maduka yote matatu, na hiyo ndiyo sababu ninaiendesha, ingawa Ranger ilinivutia zaidi kwa kiti na utulivu wake.

Jaribio la mwisho lifanyike na tela lako, kwa makubaliano na muuzaji na ukiwa umemwachia amana. Lipakie nusu, tafuta kilima unachokijua, simama katikati yake, kisha ondoka. Sikiliza kama klachi inanukia au giaboksi inatetemeka, na utazame kipimo cha joto ukifika juu. Teremka kwa gia ya pili. Ukifika chini simamisha gari kwa breki za kawaida, shuka, na uweke kiganja karibu na kila rimu la gari na la tela bila kuligusa: moja likiwa la moto sana kuliko mengine, breki ya hapo imeng'ang'ania, na bei bado haijafungwa.